Husuni Kubwa: Maji Yanapoingilia, na Kazi ya Chokaa

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu wa Kisiwani, mafundi, waongoza watalii na vijana wa kamati ya magofu: assalamu alaykum. Wazee, shikamooni.

Mada ya leo ni Husuni Kubwa: ilivyojengwa, inavyobomoka na inavyokarabatiwa. Hilo la mwisho ndilo nitakalokaa nalo zaidi, kwa sababu wengi mlioko hapa mbele mnashika mwiko kuliko kalamu. Historia nitaipita mbio. Waongoza watalii wanaijua, na wakiteleza, wageni wa siku hizi wanawasahihisha hapo hapo kwa simu.

Kwa ufupi basi. Jumba hili liko nje ya mji wa kale wa Kilwa Kisiwani, upande wa mashariki, juu ya jabali linalotazama bandari. Lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14, na jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman limekutwa humo kwenye maandishi yaliyochongwa katika jiwe la tumbawe. Ndiye yule Abul-Mawahib ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta Kilwa mwaka 1331. Fedha ya kujengea jumba la vyumba zaidi ya 100 ilitokana na biashara, hasa dhahabu iliyopitia Sofala, bandari ya kale kwenye pwani ya Msumbiji ya leo. Sarafu ya shaba ya sultani huyu imepatikana mpaka Great Zimbabwe, kule bara kabisa. Mchimbaji wa mambo ya kale Neville Chittick alilifukua jumba hili katika kazi aliyoanza Kilwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Alikuta ua mkubwa wa kusini uliozungukwa na vyumba vinavyoelekea kuwa vya bidhaa, ua wa mikutano wenye ngazi, birika la kuogea la pembe nane, makazi upande wa baharini, na ngazi za kushukia ufukweni. Alikuta pia kwamba jumba halikuwahi kumalizika, na halikukaliwa muda mrefu.

Hilo la kutomalizika si la kuwasimulia wageni tu, ni la fundi pia. Ukuta uliokosa dari au uliokosa lipu ulianza kunywa maji tangu wajenzi wa kwanza wangali hai. Watu husema gofu limechoka kwa uzee. Mawe yale hayachoki. Kinachoyaangusha ni maji: ya mvua yanayoingilia juu, ya chumvi yanayopanda kutoka chini, na yale yanayofungiwa katikati ya ukuta na saruji ya mtu aliyekuja kusaidia. Nitakayosema yote yanazunguka hapo.

Kwanza tujue ukuta wenyewe umejengwa kwa nini. Husuni Kubwa ina mawe ya aina mbili, na mwenye macho anayatofautisha akiwa bado mlangoni. Jiwe la kwanza ni la nchi kavu, matumbawe ya kale yaliyogeuka mwamba na kuchimbwa hapa hapa kisiwani. Ni gumu, lina matundu, halina umbo; hilo ndilo mwili wa ukuta. La pili ni tumbawe lililokatwa baharini likiwa bichi. Likitoka majini ni laini kiasi cha kuchongeka, likikaa hewani linakuwa gumu. Hilo lilitumika kwenye miimo ya milango, kwenye mashubaka, kwenye nakshi na maandishi. Ukiona kipande chenye vitundu vidogo vidogo vilivyojipanga sawasawa, na uso wake umenyooka, hilo ni la baharini. Likianguka usilirudishe ukutani kama kokoto ya kujazia. Liandike, lipige picha, liweke mahali pakavu penye kivuli, kisha toa taarifa.

Kati ya mawe hayo kuna chokaa na mchanga, na juu kulikuwa na dari. Sehemu nyingine zilifunikwa kwa makuba na matao ya mviringo, nyingine kwa boriti za mikoko zilizolazwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake vipande bapa vya mawe, halafu sakafu nene ya chokaa na kokoto iliyopondwapondwa mpaka ikashikana. Boriti ya mkoko haibebi mzigo huo kwa urefu mkubwa. Ndiyo maana vyumba vingi vya mawe vya pwani hii ni vyembamba, kiasi cha mita 2 na nusu hadi 3 upana, hata kama urefu wake unakwenda. Mgeni akiuliza kwa nini sultani tajiri alilala kwenye chumba chembamba hivyo, jibu ni boriti.

Dari ile ilikuwa inafanya kazi mbili. Ilifunika watu, na ilifunika vichwa vya kuta. Ukuta wa aina hii una nyuso mbili za mawe yaliyopangwa vizuri, na katikati kifusi cha mawe madogo kilichoshikwa na chokaa. Boriti zikioza na dari ikaporomoka, kichwa cha ukuta kinabaki wazi, na kile kifusi cha kati kinakuwa kinatazama mbingu.

Sasa tulifuate tone la mvua ya masika. Linadondoka juu ya ukuta usio na kofia. Halitiririki nje, linazama ndani kupitia nyufa za kichwani, likishuka linabeba chokaa kidogo kidogo. Baada ya masika mengi kifusi cha kati kinakuwa mchanga mtupu usioshikana. Mchanga ule unashuka, unajikusanya chini, unasukuma nyuso mbili za ukuta kwenda nje. Kwa nje utaona ukuta umefura tumbo, kwa kawaida kwenye theluthi ya chini. Ukiligonga tumbo lile kwa kishikio cha nyundo linatoa sauti ya mtungi mtupu. Hapo uso mmoja umekwisha kuachana na mwenzake, na siku moja, aghalabu wiki chache baada ya mvua kwisha, uso unaanguka wote kwa mkupuo. Watu hushangaa kwamba umeanguka siku ya jua. Kumbe ulikuwa mzito kwa maji, na maji yalipopungua na kifusi kikakaa upya, kilichokuwa kimeushikilia kikaondoka.

Kwa hiyo kazi ya kwanza kwenye gofu lolote ni kichwa cha ukuta, si uso unaoonekana kwenye picha. Fundi anayeanza kwa kupaka lipu nzuri usoni huku kichwa kiko wazi anafunga mlango na kuliacha dari wazi.

Tuje kwenye chokaa yenyewe, na hapa naomba subira yenu kwa sababu ndipo kazi nyingi zinapoharibikia.

Chokaa ya zamani ilichomwa kwenye tanuri la wazi: magogo yanapangwa kwa duara, katikati panaachwa tundu la hewa, mawe yaliyovunjwavunjwa yanapangwa juu, moto unawashwa kutoka katikati. Leo hatukati matumbawe hai wala mikoko kwa kazi hii, sheria hairuhusu na bahari haiwezi kutupa zaidi ya tulivyokwisha kuchukua. Tunachoma jiwe la nchi kavu, tena lisilotoka kwenye gofu. Nasema hivyo kwa sababu pwani nzima kuna kuta za kale zilizoishia tanurini. Jiwe livunjwe liwe kama ngumi. Likiwa kubwa, moto haufiki ndani, na unatoka na jiwe lililoiva nje lakini kiini kibichi. Joto linalotakiwa ni kama nyuzi 900 za Selsiasi, na likae hapo kwa saa nyingi, si kupanda na kushuka. Jiwe safi likiiva linapoteza asilimia 44 ya uzito wake, kwa hiyo kilo 100 zinabaki 56 hivi. Huo ni mtihani rahisi sana: pima jiwe moja kabla na baada. Likitoka na kilo nyingi kuliko hapo, bado bichi.

Kisha chokaa inazimwa. Weka maji kwanza kwenye pipa au shimo lililojengewa, halafu tia chokaa kidogo kidogo. Kamwe usimimine maji juu ya lundo la chokaa, itachemka ghafla na kurukia usoni. Miwani ya kazini, glovu na viatu vya kufunika si mapambo. Chokaa ikiingia jichoni inapofusha, na dawa ya kwanza ni maji safi mengi, mfululizo, dakika zisizopungua 15, ndipo mgonjwa apelekwe hospitali. Ndoo ya maji hayo ikae karibu kabla kazi haijaanza.

Uji unaopatikana uchekechwe kwa wavu wa matundu ya milimita 3 kwa ya kujengea, na mdogo zaidi kwa ya lipu. Halafu uachwe umefunikwa na maji vidole viwili vitatu juu yake, muda usiopungua miezi 3. Mkandarasi atawaambia wiki mbili zinatosha. Zinatosha kwake, maana atakuwa ameondoka. Chembe zilizopitiliza moto huzimika polepole sana. Ukizipaka kabla hazijamaliza, zinafuria ndani ya lipu na kuitoboa vishimo vidogo kama alama za ndui, miezi kadhaa baada ya fundi kulipwa. Chokaa iliyoiva vizuri inanata kwenye mwiko ukiupindua, laini kama siagi, na kisu kikipita ndani yake hakikwaruzi kitu.

Mchanga. Wa ufukweni hapana, hata ukiwa mweupe kiasi gani, kwa sababu una chumvi, na chumvi nitaieleza punde. Tumia mchanga wa mtoni au wa machimbo, wenye punje kali za ukubwa mchanganyiko. Uchunguze kwa chupa ya kioo: jaza mchanga hadi theluthi, ongeza maji na chumvi chembe moja, tikisa, acha utulie mpaka kesho. Tope litakalokaa juu ya mchanga likizidi sehemu moja kwa kumi, uoshe. Maji nayo yaonjwe. Visima vya kisiwa vingine vina chumvichumvi, hasa kiangazi. Maji ya mvua yaliyovunwa ndiyo bora.

Kipimo ni ndoo 1 ya chokaa kwa ndoo 3 za mchanga. Wengi wanakariri bila kujua sababu, kisha wakikuta mchanga tofauti wanakwama. Sababu ni nafasi zilizopo kati ya punje. Jaza ndoo ya lita 20 kwa mchanga mkavu, kisha mimina maji kwa kipimo mpaka yafike usoni. Mchanga utakunywa lita 6 au 7, yaani theluthi. Hiyo ndiyo nafasi ambayo chokaa inatakiwa kuijaza. Mchanga wenu ukinywa lita 8, ongezeni chokaa. Ukizidisha chokaa kuliko nafasi, lipu itanywea ikikauka na kupasuka kama tope la bwawa lililokauka. Ukipunguza, itakuwa inamomonyoka kwa kidole. Kwa sehemu zenye unyevunyevu wa kudumu, kama chini ya kuta na kuzunguka birika, ongeza unga laini wa matofali yaliyochomwa kwa moto mdogo, sehemu moja kwa kumi ya mchanganyiko. Unasaidia chokaa kushika hata pasipo hewa ya kutosha.

Chokaa haikauki ikawa ngumu, na hapa ndipo fundi aliyezoea saruji anapokosea. Inakuwa ngumu kwa kuvuta hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe, na kazi hiyo inahitaji unyevu. Ikikaushwa na upepo wa kusi au jua la saa nane, inabaki unga. Kwa hiyo kila sehemu iliyozibwa ifunikwe magunia yaliyoloweshwa, yanyunyiziwe mara kadhaa kwa siku, wiki nzima walau. Hesabu ya mafundi ni kwamba ugumu unaingia kama milimita moja kwa mwezi. Kuna dawa ya maabara inayoitwa fenoftalini. Vunja kipande, kinyunyizie: palipogeuka waridi hapajawa jiwe bado, pasipobadilika pameshakuwa. Chupa moja inatosha mradi mzima.

Sasa saruji. Nisieleweke vibaya, nyumba zetu zimejengwa kwa saruji na zinasimama. Tatizo ni kuioanisha na ukuta huu. Ukuta wa chokaa na tumbawe unavuta maji na kuyatoa, mchana na usiku, kupitia maungo yake, yaani ile mistari ya chokaa kati ya jiwe na jiwe. Bahari iko pale, povu lake linafika, maji yenye chumvi yanapanda kutoka ardhini. Maji yakifika usoni yanakauka, chumvi inabaki. Chumvi ikigeuka chembe inatanuka na kusukuma. Ikiwa maungo ni ya chokaa, chembe zinaumbika ndani ya chokaa na chokaa ndiyo inayobomoka. Unakuja baada ya miaka unaichokoa na kuweka nyingine. Ukiziba maungo kwa saruji, maji hayapati njia pale, yanatokea kwenye jiwe. Chembe zinaumbika ndani ya jiwe. Baada ya miaka unakuta mistari ya saruji imesimama wima, kijivu, mizima kabisa, na mawe yenyewe yameliwa yakawa mashimo. Mliowahi kupita kwenye kuta za pwani zilizokarabatiwa zamani kwa saruji mmeyaona hayo kwa macho. Halafu saruji yenyewe inaleta chumvi zake, na ni ngumu kuliko jiwe, kwa hiyo ukuta ukijongea kidogo linalopasuka ni jiwe.

Kuiondoa ni kwa tindo na nyundo ndogo, kwa mkono. Mashine ya kutoboa inatikisa kifusi cha kati. Na kama saruji imeshika jiwe kiasi kwamba itang'oka nalo, iache. Andika mahali ilipo, endelea.

Kuziba maungo kunakwenda hivi. Chokoa chokaa iliyokufa hadi kina cha mara mbili ya upana wa ungo, na si chini ya milimita 25. Toa vumbi kwa brashi, kuanzia juu kwenda chini. Lowesha tangu jana yake, na tena asubuhi, mpaka jiwe liache kunywa lakini lisiwe linang'aa maji. Sukuma chokaa ngumu, ya kubonyezwa na si ya kumiminika, tabaka lisilozidi milimita 15 kwa mara moja. Pale ungo ulipo mpana, pigia vibanzi vya mawe ndani ya chokaa kama walivyofanya wajenzi wenyewe. Vinapunguza kunywea na vinaokoa chokaa. Chokaa iishie nyuma kidogo ya uso wa jiwe. Usilipake jiwe. Ikishaanza kushika, igonge kwa brashi ngumu ili uso uwe wazi, usiusugue kwa mwiko ukawa kioo, maana kioo kile kinazuia hewa kuingia.

Ukuta uliofura tumbo ni kazi nyingine. Kabla ya chochote weka vishikizo vya mbao, na mtu asisimame chini yake. Ukishaziba maungo ya nje na yakashika, unamimina uji mwepesi wa chokaa ndani kupitia mirija iliyoachwa kwenye maungo, ukianzia chini kabisa. Usipande zaidi ya nusu mita kwa siku. Uji una uzito; ukijaza mita mbili kwa pupa unamalizia kazi ambayo mvua ilikuwa inaifanya polepole.

Kofia ya ukuta: ondoa mawe yaliyolegea ya juu huku ukiyapa namba, yarudishe kwenye chokaa mpya, kisha funika kwa tabaka la chokaa na kokoto ndogo lililoinuka katikati na kuteremka pande zote, ili tone letu la mvua likifika lipate mteremko. Mteremko uonekane kwa jicho. Kofia bapa ni beseni.

Miche na miti ina ugomvi wake. Kuna wanaopenda gofu likwanguliwe likawa jeupe. Majani mafupi juu ya ukuta hayana shida kubwa, mizizi yake ni mifupi na yanapunguza kishindo cha mvua na jua. Wabaya ni miti, hasa jamii ya mikuyu ambayo mbegu zake huletwa na ndege na kuota kwenye ufa mita nne juu ya ardhi. Mche wa urefu wa kidole ng'oa kwa mkono. Uliokwisha kuwa na shina kama kidole gumba usiung'oe. Mzizi wake umezunguka mawe, ukivuta unatoka na ukuta. Ukate karibu na jiwe, paka dawa ya kuua kisiki kwenye jeraha hapo hapo kabla halijakauka, kwa brashi na si kwa kupuliza. Mzizi ukifa ubaki ndani, na baadaye ukishaoza tundu lake lijazwe uji wa chokaa. Mti mkubwa ulioegemea ukuta unapunguzwa matawi kidogo kidogo, kwa sababu mara nyingi mti na ukuta wanashikana, na ukiukata wote kwa siku moja huenda ukuta ukaufuata.

Tukienda upande wa bahari, wengi mnaifahamu habari ya Gereza, ngome ambayo Wareno waliianza mwaka 1505 baada ya kamanda wao d'Almeida kuuteka mji, wakaiacha miaka michache baadaye, na Waomani wakaijenga upya. Ile imekaa ufukweni kabisa, na upande wake wa bahari mawimbi yamekula msingi mpaka kuta zikaanguka. Husuni Kubwa iko juu, kwa hiyo watu wanaona iko salama. Si kweli. Pale adui wa kwanza ni maji ya mvua yanayokusanyika ndani ya nyua, yanatafuta njia, na njia fupi ni ukingo wa jabali. Yanakata mfereji, mfereji unakuwa korongo, korongo linafika chini ya ukuta. Wakati huo huo bamvua linachimba jabali kwa chini, linaacha pango, na paa la pango ndilo linalobeba msingi.

Kwa hiyo tunaanzia juu. Maji ya nyua yaelekezwe kwenye upande wa nchi kavu kwa mifereji mifupi ya mawe, isiyochimbwa kina, kwa sababu kila unapochimba pale kuna mabaki; na hata huo mfereji mfupi unahitaji kibali chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Njia ya kushukia ufukweni iwe moja. Njia tatu za mkato ni makorongo matatu ya kesho. Chini, mikoko ni ngao nzuri, lakini inaota penye tope na maji tulivu. Kuipanda kwenye mwamba mtupu unaopigwa na mawimbi ni kupoteza miche na nguvu za akina mama waliojitolea. Penye mwamba, makreti ya waya yaliyojazwa mawe yanavunja nguvu ya wimbi, mradi waya uwe wa kuzuia kutu na kila baada ya msimu ukaguliwe. Waya wa kawaida kwenye maji ya chumvi haudumu. Ukuta mzito wa zege mbele ya jabali siupendekezi. Wimbi likigonga zege linarudi na nguvu yake yote na kuchimba pembeni, mwisho wa ukuta, mahali ambapo jana hapakuwa na tatizo.

Kuna swali linaloulizwa kila mkutano: kwa nini tusijenge upya birika likajaa maji, na makuba yakarudi, watalii waone jumba kamili? Jibu langu ni hapana, na sababu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba hatuna ushahidi wa kutosha wa umbo la sehemu nyingi za juu, na jumba halikumalizika. Tutakuwa tunajenga tulichokibuni. Ya pili ni ya kiufundi. Msikiti Mkuu hapa hapa unatufundisha. Sehemu aliyoongeza sultani huyu huyu ilikuwa imebebwa na nguzo za tumbawe za jiwe zima, zikashindwa, ikabidi karne ya 15 ijengwe upya kwa nguzo za pembe nane zilizoungwa kwa mawe na chokaa. Kama wajenzi walioijua kazi hii tangu utotoni walielemewa na uzito wa makuba, sisi tusiubebeshe uzito huo ukuta wenye miaka 700 ambao kifusi chake kimegeuka mchanga. Atakayetaka kuona kuba likiwa juu ampelekeni kwenye Msikiti Mdogo wa Makuba, umesimama vizuri.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, yakatolewa mwaka 2014 baada ya kazi kubwa. Kutolewa huko kuna watu wanakusoma kama cheti cha kumaliza. Chokaa iliyowekwa wakati ule nayo inaendelea kuliwa na chumvi, kama tulivyotaka iliwe badala ya jiwe. Ina maana lazima kuwe na mtu wa kuibadilisha.

Kwa hiyo kamati iwe na daftari la kuta. Kila ukuta una namba. Picha inapigwa kutoka mahali pale pale, pamewekwa kigingi, kila mwezi. Kwenye ufa unaotia shaka bandika kipande cha chokaa ya lipu chenye tarehe, kikikatika ufa unatembea. Au weka misumari miwili isiyoshika kutu, mmoja kila upande, ndani ya ungo na si ndani ya jiwe, na mpime umbali kwa kalipa, kile kipimo cha milimita chenye taya mbili. Milimita moja kwa mwaka ni jambo la kuandika. Milimita moja kwa mwezi ni jambo la kupiga simu siku hiyo hiyo na kufunga kamba wageni wasipite. Vigae vya kaure vikitokeza baada ya mvua msivikusanye mfukoni. Pale Husuni Kubwa ilipatikana chupa ya kaure ya China ya zama za utawala wa Yuan, na kilichoifanya iwe na maana ni kujulikana ilikuwa wapi.

Ratiba inajipanga yenyewe. Chokaa izimwe mwishoni mwa mwaka, ilale mpaka masika yaishe. Wakati wa masika vaeni makoti, mwende kwenye gofu mvua ikinyesha, muone maji yanapita wapi. Siku ya jua hamtayaona. Juni kuta zinaanza kukauka, kazi ianze upande wenye kivuli, magunia yawe tayari. Mafundi watakaobaki mchana, lile pipa lililoko nje lina chokaa ya miezi minne. Leteni miko yenu, na anayetaka kunibishia kuhusu mchanga aje na ndoo na chupa.